Mngurumo Kisimani

Kisima alichofia Mfaume kilikuwa nyuma ya nyumba ya wageni ambayo ujenzi wake haujakwisha, mtaa wa Ng'ambo, jirani na mafundi seremala. Inspekta Levina Shigela alifika hapo saa mbili na nusu asubuhi, siku ya tatu tangu maiti itolewe, akakuta mtaa umeshatoa hukumu. Mwanamke aliyekuwa akifagia ua wa pili alimwambia bila kuulizwa:

"Afande, unachungulia kisima cha nini? Aliyeua mnaye kituoni."

Aliyekuwa kituoni ni Swaumu, mama lishe aliyewapikia mafundi wa mtaa ule kwa miaka tisa. Mfaume, baba wa watoto wake, alikuwa mumewe hadi wiki sita zilizopita, alipompa talaka na kuoa mwingine. Siku ya kifo, Swaumu ndiye aliyepeleka ugali na maharage kisimani. Mfaume alipanda juu kula, akalalamika kichwa, akatapika, akarudi chini, akatolewa maiti. Watu wa Ng'ambo hawakuhitaji zaidi ya hapo. Jana yake kundi la vijana lilikwenda kuchoma banda lake, na kama si mafundi seremala kusimama na misumeno yao mkononi, lingekuwa majivu.

Mwenye kazi, Fundi Sabiri, alikuwa akimsubiri Inspekta ukingoni mwa kisima. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye kofia safi na sauti ya upole, na nusu ya visima vya mji vilikuwa vimepita mikononi mwake.

"Nimeshatoa maelezo, Afande," alisema.

"Nimeyasoma. Sasa nataka kuyasikia."

Sabiri akasimulia. Kiangazi kimekausha kisima, mwenye nyumba akataka kiongezwe kina. Mfaume akashuka kuchimba, kibarua wake mwingine, Masolwa, akabaki juu kushika kamba ya ndoo. Maji yalipoanza kutoka, wakawasha pampu ya petroli iyatoe ili mchimbaji asizame.

"Na kabla hajashuka tuliteremsha mshumaa," Sabiri aliongeza. "Uliwaka mpaka chini. Mshumaa ukiwaka, hewa ipo. Hiyo ni kanuni ya wachimba visima tangu enzi za babu zetu. Sasa kama hewa ilikuwepo, kimebaki nini? Chakula."

"Pampu ilikuwa wapi?"

"Hapa." Aligonga udongo wa ukingoni kwa ncha ya kiatu. Pampu yenyewe ilikuwa imeshapakiwa kwenye guta, mpira wake wa kufyonzea umekunjwa juu yake.

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula. Ila sahani yake alimpakulia mbali."

Levina hakubishana. Alimwambia Koplo Ambrosi, dereva na msaidizi wake, afunge jiwe kwenye kamba na kupima. Kamba ikalegea kwenye mita kumi na nne. Kisha akaazima kioo cha pembeni cha pikipiki ya fundi mmoja, akapiga magoti, akalinasa jua na kulielekeza shimoni. Duara la mwanga likashuka taratibu juu ya matofali. Kwenye mita tisa hivi likakuta doa jeusi, pana kama ungo, na chini ya doa matundu manne, mawili huku na mawili upande wa pili.

"Hili doa?"

"Moshi wa kibatari. Mfaume alikuwa haoni vizuri gizani."

"Na matundu?"

"Ya kukanyagia."

Majibu yalitoka upesi, yamenyooka. Levina akayaandika yote mawili. Sabiri akaomba ruhusa: ana kisima kingine Itetemia, watu wanangoja maji tangu juzi. Kesi iliyoandikwa kwenye jalada ilikuwa ya sumu ndani ya chakula. Hapakuwa na sababu ya kumzuia mtu wala mali yake. Levina akaitikia kwa kichwa. Guta likaondoka na pampu.

Hospitalini, Daktari Nurdini alimpokea kwenye chumba kidogo cha maabara. Yeye ndiye aliyeipasua maiti. Sampuli za tumboni zilikuwa njiani kwenda kwa mkemia na majibu yangechukua majuma, lakini daktari alikuwa amebakiza chupa ya damu kwenye jokofu.

"Nilikuwa nataka kukupigia," alisema. "Tazama picha hizi. Kucha zake. Ndani ya mdomo. Viganja."

Levina akatazama. Kucha za marehemu zilikuwa na wekundu mzuri wa waridi, na viganja vyake kama vya mtu aliyetoka kuoga maji ya moto.

"Maiti nyingi nimeziona," alisema. "Hii ina afya kuliko mimi."

"Ndicho kilichonitia shaka. Mtu aliyekosa hewa huwa na kucha za bluu. Aliyelishwa dawa ya panya hana rangi hii." Nurdini akachukua vibomba viwili vya kioo na chupa ndogo yenye kimiminika cheupe. "Hii ni kostiki, magadi makali ya watengeneza sabuni, nimeyayeyusha kwenye maji. Kipimo hiki ni cha zamani sana, lakini hakidanganyi. Nipe kidole."

Alimchoma Levina, akadondosha damu yake ndani ya maji ya kibomba cha kwanza. Cha pili akakitia damu ya Mfaume. Vyote viwili vilikuwa vyekundu. Kisha akatia matone ya kostiki, kimoja baada ya kingine.

Damu ya Levina ikageuka palepale, ikawa kahawia yenye ukijani kama maji ya mfereji. Damu ya Mfaume haikubadilika. Wakasubiri. Ikabaki vilevile, rangi ya waridi.

"Kaboni monoksidi," alisema daktari. "Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Huzaliwa popote moto unapoungua bila hewa ya kutosha: jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, jenereta, injini ya petroli. Ukiivuta, inakwenda kukaa kwenye kiti cha oksijeni ndani ya damu, na ikishakaa haitaki kuinuka. Inang'ang'ania zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anapumua, hewa ipo, lakini damu haina nafasi ya kuibeba."

"Na dalili?"

"Kichwa. Kichefuchefu. Kutapika. Miguu kulegea."

"Kama mtu aliyekula kitu kibaya."

"Kabisa."

"Kuna mshumaa," Levina alisema. "Waliuteremsha, ukawaka."

"Ungewaka tu. Mshumaa unapima oksijeni. Gesi hii inaua mtu kwa kiasi ambacho hakitikisi hata utambi." Nurdini alivirudisha vibomba kwenye kishikizo chake. "Wala usidhani ni ya kuua tu. Yale majembe ya chuma yaliyobebwa na misafara kupita hapa yalitokana nayo. Wafua chuma wa Unyamwezi walichoma mkaa ndani ya tanuri, gesi hii ikayanyang'anya mawe oksijeni yake, kikabaki chuma. Viwanda mpaka leo vinaitumia hivyo. Tanuri ndiyo nyumba yake. Kifua cha mtu siyo."

"Utaniandikia?"

"Naandika sasa hivi. Lakini Afande, damu inasema ni gesi. Haisemi ilitoka wapi."

Levina alikuta Swaumu ameketi kwenye benchi la mahabusu, mikono magotini. Kanga yake ilikuwa imechukuliwa kwa taratibu za kituo, naye alijikunyata ndani ya gauni kama mtu aliyeachwa nje kwenye baridi.

"Sikumuua," alisema kabla Inspekta hajaketi.

"Sijakuuliza hilo, dada. Nataka unieleze ulivyofika kisimani. Saa ngapi?"

"Saa nne. Fundi Sabiri alikuwa kivulini, Masolwa kwenye kamba. Mfaume chini."

"Akapanda kula."

"Alipanda anayumba. Akaniambia, Swaumu, kichwa kinanigonga kama kinu tangu asubuhi."

Kalamu ya Levina ilisimama. "Alikwambia kabla ya kula au baada?"

"Kabla. Hata kunawa alikuwa hajanawa. Nikampa maji, nikamwambia apumzike. Alikula matonge mawili, akatapika. Fundi akasema twende kazi, maji yanajaa."

"Hilo halimo kwenye maelezo yako."

"Nilikuwa nalia. Niliulizwa chakula, nikajibu chakula."

"Na pampu? Uliiona ukingoni?"

Swaumu akafikiri. "Sikuiona."

"Haikuwepo?"

"Ilikuwepo, naisikia. Ilikuwa inanguruma chini. Nilihisi ardhi inatetemeka kwenye nyayo zangu, mpaka nikauliza kulikoni, na Masolwa akanionyesha kisima kwa kidole."

Levina alifunga daftari. Alitoka mpaka uani, ambako Ambrosi alikuwa akifuta vumbi kioo cha gari.

"Ambrosi, pampu kama ile ya Sabiri, ikikaa juu, inaweza kuvuta maji ya mita kumi na nne?"

"Haiwezi," Ambrosi alijibu bila kugeuka. "Nyumbani tumelima nyanya kwa pampu hizo. Ikiwa juu inafyonza mita saba, nane kwa taabu. Hata ukinunua mpya leo. Na ule mpira wake haukuzidi mita tano." Akaacha kufuta. Alikuwa ameanza kujumlisha mwenyewe. "Doa lilikuwa mita tisa, Afande. Tisa na tano…"

"Matundu yale yalishika mbao. Pampu ilikaa juu ya mbao, ndani ya kisima, ekzosi imeelekea ukutani. Baada ya kifo wakaipandisha na kuiweka juu." Levina alikuwa ameshafungua mlango wa gari. "Na mimi nimemruhusu aende nayo Itetemia."

Njiani alimpigia Nurdini: gari la wagonjwa, mtungi wa oksijeni, upesi. Ambrosi aliendesha kwa kasi. Barabara ya vumbi ilifuata njia ya zamani ya misafara, kati ya mashamba yaliyovunwa, na Levina alishika dashibodi kwa mikono miwili. Zilipita dakika kumi na nne.

Walisikia kisima kabla ya kukiona. Mngurumo ulitoka ardhini, umezibwa, kama ngoma iliyofunikwa blanketi. Juu yake walisimama Sabiri na vibarua wawili. Mmoja alikuwa ameinama akiita:

"Masolwa. We, Masolwa."

Hakuna aliyejibu kutoka chini. Kibarua alivua viatu, akashika kamba, mguu mmoja tayari juu ya ukingo. Levina alimkamata ukosi akamrudisha nyuma.

"Hakuna anayeshuka."

"Kaka yangu yumo humo."

"Ukishuka nitatoa maiti mbili. Amefungwa kamba?"

"Kifuani," alisema kibarua. "Mkewe Julieth alimwapisha jana, baada ya mambo ya Mfaume. Asishuke bila kamba."

"Basi Julieth amemwokoa. Shikeni wote. Geuzeni nyuso pembeni, msivute hewa ya mdomoni mwa kisima. Na wewe, Sabiri, shika."

Watu watano wakavuta. Kamba ikapanda kwa kitambo, kisha ikagoma. Levina alimulika kwa simu: kichwa cha Masolwa kilikuwa kimenasa chini ya mbao zilizobeba pampu, na pampu yenyewe inatikisika juu yake.

"Mshusheni kidogo. Taratibu. Ambrosi, peleka kamba kushoto. Zaidi. Sasa vuteni."

Bega likapita. Kisha kiuno. Mtu akatokeza juani, mzito, kichwa kimelala kifuani. Wakambeba mbali na shimo, upande unakotoka upepo, wakamlaza ubavu. Levina alifunua kiganja chake, akaiona ile rangi ya waridi. Akaweka shavu lake karibu na pua ya Masolwa na kuzuia pumzi yake mwenyewe ili asikie.

Ilikuwepo. Nyembamba, lakini ilikuwepo.

Gari la wagonjwa lilifika dakika sita baadaye, Nurdini mwenyewe akiwa ameketi nyuma na mtungi. Alimvisha Masolwa barakoa ya oksijeni, akafungua hadi mwisho.

"Tunaisukuma itoke kwenye kiti," alimwambia Levina. "Kwa oksijeni tupu itainuka. Hewa ya kawaida ingechukua nusu ya siku, naye hana nusu ya siku."

Ndugu yake Masolwa alipiga magoti kwenye mabua akaomba kimoyomoyo. Jua lilikuwa kali. Baada ya muda ambao hakuna aliyeupima, vidole vya Masolwa vikakunjika. Akakohoa ndani ya barakoa, akatapika, akafumbua macho, akamwita mama yake kwa Kinyamwezi. Kisha akauliza kwa Kiswahili kwa nini watu wote wanamtazama.

Levina alisimama. Magoti yake yalikuwa yamelowa jasho na udongo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa.

Kisha akamgeukia Sabiri.

"Pandisha pampu. Usiizime. Ambrosi, piga picha kila hatua."

Pampu ilipanda kwa kamba yake ikinguruma, imelowa matope hadi kwenye fremu, bomba lake la moshi bado linatoa pumzi ya moto. Mpira wa kufyonzea ulining'inia nyuma yake kama mkia. Levina aliiacha ingurume mbele yao kwa muda wa kutosha kila mtu aione, kisha akaizima mwenyewe.

"Uliniambia inakaa juu," alisema.

"Hapa kina ni kirefu zaidi," Sabiri alijibu. "Ng'ambo ilikaa juu."

"Ng'ambo ni mita kumi na nne. Pampu hii inafyonza nane. Ilivutaje zile sita?"

Sabiri akaitazama pampu.

"Doa ukutani. Kibatari cha aina gani kinachora doa la upana wa ungo?"

"Afande, hewa ya kisima ni amri ya Mungu. Mshumaa uliwaka. Wote waliuona."

"Uliwaka kabla hamjawasha injini. Na hata mngeuteremsha baadaye, ungewaka, Mfaume akifa pembeni yake. Lakini hayo ungeweza kusema hukuyajua. Nataka unieleze jambo moja tu. Mfaume alipotolewa, kabla hamjaita mtu yeyote, mliipandisha pampu mkazing'oa na mbao. Kwa nini?"

Fundi akatazama vibarua wake. Hakuna aliyerudisha macho. Kutoka kwenye machela, Masolwa alivuta barakoa pembeni.

"Mwambie, fundi," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Au nimwambie mimi."

Sabiri akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mwaka jana, Gongoni," alisema hatimaye. "Mtu wangu alizimia pampu ikiwa chini. Tulimtoa akazinduka. Mwenye kisima alikuwa mtu wa migodini, akaniambia nisiishushe injini tena, inatoa sumu. Nilidhani anatia chumvi."

"Kwa hiyo juzi ulijua."

"Nilipoona amekufa, nilijua."

"Na ukasimama mbele ya watu ukanyoosha kidole kwa mwanamke aliyemletea chakula."

Levina alimsomea haki zake neno kwa neno, kama kanuni inavyotaka, na Ambrosi akamtia pingu. Masolwa alitoa maelezo mapya palepale, Nurdini akisaini kama shahidi: aliambiwa aseme pampu ilikuwa juu, la sivyo hatapata kazi tena. Ukurasa mmoja na nusu. Levina aliukunja akauweka ndani ya jalada, akahisi uzito wa kesi ukihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Saa tisa alasiri, hati ya kumwachia Swaumu ilikuwa imesainiwa na kugongwa muhuri. Habari zilikuwa zimetangulia mjini, na nje ya lango la kituo kulikuwa na watu wengi wa Ng'ambo. Baadhi yao walikuwa miongoni mwa wale waliokwenda kuchoma banda. Walisimama, hawajui pa kuweka mikono.

Mbele yao alisimama Bi Najiat, mama yake Mfaume, mwenye uchungu wa msiba usoni. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtaja Swaumu siku ile, na mchana huu Ambrosi alikuwa amekwenda kumweleza yote. Levina alimsalimu, "Shikamoo, mama," naye akaitikia "Marahaba" bila kuondoa macho mlangoni.

Swaumu alitoka. Alipomwona mkwe wake wa zamani, akasimama.

"Shikamoo, mama."

Bi Najiat hakuitikia mara moja. Alimsogelea hadi wakawa ana kwa ana.

"Nilikutakia mabaya siku tatu, mwanangu," alisema, na sauti yake iliwafikia hata waliosimama mbali. "Kila sala. Leo afande amekuja kunieleza alivyokufa mtoto wangu, na maji uliyompa, na ulivyomwambia apumzike. Wewe peke yako ulimwambia apumzike."

"Hakunisikia, mama."

"Alikuwa hasikii tangu utoto." Mama mzee alisimama wima. "Marahaba. Wajukuu zangu wamekuulizia mchana kutwa. Nisamehe, twende nyumbani."

Alivua mtandio wa kanga begani mwake, akamfunika nao Swaumu mabega yote mawili. Levina alimwashiria Ambrosi awashe gari awapeleke.

Bi Najiat akakataa.

"Alichukuliwa kwa gari watu wakitazama," alisema. "Atarudi kwa miguu, watu watazame."

Umati ukapasuka katikati, ukawapa njia. Wanawake wale wawili wakashika barabara kuu ya kwenda Ng'ambo, wameshikana mikono, katikati ya jua la alasiri, bila haraka yoyote.